Maganda ya Ntandu

Jumatatu, 3 Juni 1974. Mgori

Upepo tangu alfajiri. Vumbi mpaka kwenye sukari. Nimefungua duka, nimekagua kabati la chuma, risasi zipo. Wenye bastola tarafa hii ni wawili tu, Bwana Mifugo na Ntandu mnunuzi wa ng'ombe, lakini waraka wa wilaya hauna mzaha. Bila kibali, hakuna kuuza. Bila kurudisha maganda ya zilizopigwa, hakuna kuuza mpya. Ganda moja, risasi moja. Kisha niyaponde maganda kwa nyundo.

Siyapondi. Kosa langu, nalijua. Nayatia kwenye kopo la maziwa chini ya kaunta. Mhunzi ameahidi kumfulia binti yangu Amina bangili, anaolewa baada ya mavuno. Shaba siku hizi utaipata wapi?

Alhamisi, 6 Juni

Ntandu kaja na maganda tena. Eti fisi wanamwandama akiswaga ng'ombe kwenda mnadani. Nimempa risasi. Tumekunywa chai. Huyu ni rika langu. Tuliingia jandoni siku moja, tukalalia ngozi moja mpaka tukapona. Nikienda kuswali ndiye ninayemwachia duka. Nimwachie nani mwingine?

Jumapili, 9 Juni

Habari mbaya. Msengi, mlinzi wa ng'ombe wa kijiji, kapigwa risasi karibu na msitu. Wezi wameswaga zizi zima. Mganga wa zahanati kaitoa pajani. Ndogo. Ya bastola, si ya gobore.

Jumatatu, 10 Juni

Bwana Mifugo hajanunua risasi tangu masika. Sitaki kulimaliza wazo hili.

Jumanne, 11 Juni

Nimelimwaga kopo juu ya kaunta. Kwa niliyoyapokea lingekuwa limejaa pomoni. Halifiki nusu. Mke wangu anaapa hajaligusa, naye si mwongo. Nimechukua msumari, nimekwaruza mstari kwenye kitako cha kila ganda, nikayarudisha. Nimejiona mchawi. Kumtegea mtu wa rika lako!

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda msikitini. Ntandu kabaki dukani kama kawaida. Hotuba sikuisikia hata neno.

Jumanne, 18 Juni

Sikudhani angethubutu, na Msengi bado yuko kitandani. Kaja. Maganda manne, kayapanga kwenye kaunta, anacheka, anauliza shemeji yake hajambo. Nimeyageuza moja moja. Mstari. Mstari. Yote manne.

Nikamuuliza, "Fisi bado wanakusumbua?"

"Sana, rika."

Kasema hivyo akinitazama usoni. Hajapiga fisi hata mmoja. Risasi nzima anawapa wezi, kisha anachota maganda chini ya kaunta yangu na kuniletea mimi mwenyewe. Nami nampa nyingine, na chai juu! Nimemwambia zimekwisha mpaka gari lije. Kamaliza kikombe chake taratibu, kaaga. Nina hasira. Kunifanya mjinga mimi, dukani kwangu.

Jumatano, 19 Juni

Mke wa Msengi kaja kununua chumvi. Mumewe atapona, mguu hautarudi kama zamani. Kisha akanishukuru. Kasema bila mimi kuzibana risasi wangekufa wengi. Nilijifanya natafuta chenji.

Nikisema, naingia hatiani pamoja naye. Nisiposema, kuna Msengi mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakusema ukishakipata ukifanyeje.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda kituoni na kopo kwapani. Nimesema yote, na habari ya nyundo pia. Mkuu wa kituo kauliza nani mwingine ana ufunguo wa kabati. Hakuna. Ntandu hakuvunja kitu. Kila mara nilimfungulia mimi.

Jumamosi, 22 Juni

Wamemchukua. Nilikuwa mlangoni wakimpandisha kwenye gari.

"Umeniuza, rika," kaniambia.

Mimi! Nimemuuza mimi! Watu wakaanza kuulizana, nikafunga duka mchana kweupe.

Jumapili, 30 Juni

Upepo umetulia. Nimekabidhi ufunguo wa kabati kwa karani mpya aliyetumwa na wilaya. Kesi yangu nitaitiwa, siku bado haijapangwa. Polisi wamebaki na yale maganda manne. Mengine wameniagiza niyaponde mbele ya askari. Nimeyaponda uani kwangu, kwenye jiwe, mpaka yakawa bapa yote. Amina alikuwa amesimama karibu. Askari alipoondoka nikamweleza kwamba shaba ile ilikuwa ya bangili zake, na jinsi nilivyoiweka, na nani aliyeichota, na kwa nini Msengi anachechemea.

Aliokota ganda moja bapa, akalitupa kwenye rundo.

"Nitaolewa mikono mitupu, baba," akasema. Akachukua ufagio, akaanza kuzoa.