Wasomaji Wamepiga Kura Binti Moshi Afe, na Kura Moja ni ya Dada Yangu

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada, na naomba kwanza usicheke mpaka ufike katikati, kwa sababu najua ukiona mwandiko huu utasema huyu mtoto shule aliichungulia dirishani tu, na ni kweli niliishia kidato cha pili, lakini Shangazi, mtaa huu hakuna mtu anayesomwa kama mimi, hata gazeti lako, samahani sana, watu wanafungia nalo viatu, lakini hadithi yangu wanaikunja vizuri wanaitia mfuko wa shati.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, tunatoa nakala, tunajalidi vitabu, tunapiga picha za pasipoti, na ile mashine kubwa inanisikia mimi tu, akiigusa bosi inameza karatasi. Mwaka jana nilianza kuandika hadithi ya Binti Moshi, iko katika nchi ambayo haipo, ina milima inayohama na mto unaopanda badala ya kushuka, na kila Jumamosi natoa sura moja, karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, mteja akija kutoa nakala zake anapewa bure, na chini naacha swali, kwa mfano avuke mto au arudi, basi msomaji anaandika jibu kwenye kikaratasi anatumbukiza ndani ya katoni niliyoitoboa juu, na wanalosema wengi ndilo ninaloandika, hiyo sheria sijaivunja hata siku moja, ndiyo maana wananiamini na ndiyo maana wananiita Mtunzi Hatari. Au basi, nilianza kujiita mwenyewe, wao wakaendeleza.

Huyo Binti Moshi si mtu wa maziwa matupu, maana wahusika wema mpaka kisigino mimi wananitia usingizi. Amewatoa watoto tisa kwenye kisima kilichokuwa kinameza watu, halafu mji ulipomfukuza akarudi akachoma ghala lao na mlinzi akiwa ndani. Na kifuani ana moshi, ndio uliompa jina, moshi unaomkalia asubuhi asiweze kuinuka, unaomnong'oneza kwamba asingekuwepo wenzake wangeishi kwa raha. Shangazi, wasichana wa sekondari wamelia mbele yangu, mmoja amelowesha nakala za cheti chake cha kuzaliwa. Fundi viatu wa mlango wa pili yeye anasema muuaji ni muuaji, hata awe na moshi, hata awe na mvuke. Na bosi ndiyo usiseme.

"Huyo ni kichaa," aliniambia, "na kichaa wa hadithi anauawa sura ya mwisho. Mmalize, uanze nyingine."

"Sasa bosi, kama moshi ungekuwa kifuani mwako?"

"Mimi sina moshi. Mimi nina wewe."

Sasa ndiyo nafika penyewe. Ule moshi sikuutunga. Ni wa dada yangu, tumbo moja, mwalimu wa darasa la kwanza, yeye ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi yangu ya kwanza. Mwaka jana aliacha kwenda kazini, akawa analala tu chumba cha nyuma, pazia limefungwa mchana kutwa, mama anasema ni uchovu, baba mdogo anasema amedekezwa, na mimi ndiye ninayempelekea chai nikitoka dukani, nakaa ukingoni mwa kitanda nafanya vituko mpaka acheke kidogo, na hapo ndipo ananiambia mambo asiyomwambia mtu. Siku moja akasema, "Mdogo wangu, nikifumbua macho asubuhi nakuta kitu kizito kimeshaniwahi kuamka, kimenikalia hapa." Nikampa pole, Shangazi, nikatoka nje nikayaandika mgongoni mwa risiti yasinipotee, na Jumamosi yakawa ndani ya sura ya nne neno kwa neno, na watu wakasema kijana huyu ana kipaji, nami nikaitikia.

Dada akazisoma sura zangu. Mwanzoni alicheka, akasema, "Umeniazima bila kuniomba, mwizi wewe." Nikamwambia mtunzi haibi, anaokota. Nikaendelea kuokota.

Sura ya kumi na nane Binti Moshi amezingirwa darajani, watu wa mji wana mienge huku na huku, na chini nikauliza: aishi au afe? Jumamosi hiyohiyo dada akaoga, akavaa gauni lake la kazini amelipiga pasi, akaja dukani kwa miguu yake, miezi saba hajatoka mlangoni, bosi mwenyewe akampisha kiti, akaandika kitu akatumbukiza kwenye katoni, akanipiga kikofi cha kisogoni cha utani, akaenda zake. Nyumbani mama akapiga vigelegele, "Mwanangu amepona!" Na ni kweli ametulia, halii tena, magauni yake mawili amempa binamu yetu, na mimi amenishika mkono na kunivalisha saa yake, "Vaa wewe, unachelewa sana."

Jumapili nikaimwaga katoni mezani. Wanaotaka afe ni wengi kuliko wanaotaka aishi. Na kikaratasi kimoja kina mwandiko wa dada, ule wa mwalimu, herufi zimenyooka kama watoto wa gwaride: *Mwacheni afe. Amechoka, na wanaobaki watapumua.*

Shangazi, tangu hapo kile kikaratasi nakivaa ndani ya soksi, nikitembea nakisikia. Mashine nayo imeanza kunimezea karatasi. Sijamwambia mtu, maana nikimuuliza mwenyewe, je, kama hakuwa na wazo hilo nami nikamtia kichwani? Tena itabidi nikiri kwamba nimemuuza kwa mtaa mzima. Nikimwambia mama atapiga yowe, baba mdogo atakuja na maneno yake. Na je, kama ni hadithi yangu ndiyo iliyomfundisha? Nikiandika Binti Moshi amekufa nitakuwa nimempa dada ruhusa kwa mkono wangu, nikiandika yuko hai nimevunja sheria yangu, wasomaji watajua katoni ni danganya toto, na jina langu limekwisha. Sura ya kumi na tisa nimeianza mara tano, zote nimechana. Niambie, Shangazi, nimuue au nimwache? Jibu kabla ya Jumamosi, namba ya simu ya dukani nimeiweka juu.

Mtunzi Hatari
(Mwandiko wangu wa kawaida ni mzuri kuliko huu, leo naandikia gotini nyuma ya mashine.)

Shangazi anajibu

Mtunzi, barua yako haikungoja zamu. Ilifika Jumatano asubuhi na kabla sijaimaliza nilikuwa nimeshainua simu. Alipokea bosi wako, akasema uko kwenye mashine. Nikamwambia aizime, akupe simu. Wasomaji wangu nao wasikie tulivyozungumza.

"Dada yako yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yake, mama yuko kazini. Sasa Shangazi, kuhusu ile sura ya kumi na..."

"Vua aproni uende nyumbani."

"Sivai aproni."

"Basi nenda hivyohivyo!"

Ukaenda. Ulivyomkuta na alivyokujibu ulipomuuliza havitachapwa hapa, ni vyake. Barua yako ameniruhusu kuichapa. Nilimwomba kwa simu, akafikiri siku nzima, kisha akasema ndiyo. Umeona? Mtu anaombwa.

Sasa kaa nikuambie. Umejaza karatasi mbele na nyuma, umenieleza milima inayohama na mashine inayomeza, halafu swali lako likawa juu ya msichana wa karatasi! Dada yako wa nyama na damu alikuandikia kwa mkono wake kwamba amechoka kuishi, wewe ukaogopa jina lako litaharibika mtaani. Nimekasirika nawe, na sitaficha.

Lakini nitasema na hili. Watu wazima wote wa nyumba hiyo waliona gauni lililopigwa pasi wakashangilia. Wewe peke yako ndiye uliyeogopa. Mtu aliyezama miezi saba akitulia ghafla, akaanza kugawa vitu vyake na kuongea kama anayeaga, hapigiwi vigelegele. Anafuatwa, anakaliwa karibu, anaulizwa. Hofu yako ilikuwa na akili kuliko vigelegele vya mama yako, tatizo uliifungia kwenye soksi.

Ulidhani ukimuuliza utampandikiza wazo. Hapana. Mtu anayewaza kufa amelibeba wazo hilo peke yake siku nyingi, na anayemuuliza kwa upole, kwa maneno ya wazi, bila kuzungukazunguka, anamsaidia kulitua. Umeshafanya mara moja. Uliza tena kesho, na keshokutwa. Si lazima uwe na la kumjibu.

Ugonjwa wake haukutoka kwenye hadithi yako, usijivune hata kwa hilo. Ulikuwepo kabla ya sura ya kwanza. Kosa lako ni jingine: kila alichokuambia ukingoni mwa kitanda ulikipeleka kwenye mashine ya fotokopi wakati ulipaswa kukipeleka kwa mama yako na kwa daktari. Na kuna la pili, hili linakuhusu wewe mtunzi. Umeuweka ugonjwa na uovu chungu kimoja. Binti Moshi alichoma ghala kwa kisasi, alikusudia, aliwasha mwenyewe. Hilo ajibu mbele ya mke wa yule mlinzi. Moshi wa kifuani hakuuchagua, huo anatakiwa atibiwe. Wewe umeandika kana kwamba moshi ndio ulioshika kiberiti, na mji mzima ukaamini kwamba mwenye moshi ni wa kuogopwa na kuondolewa. Dada yako hajachoma ghala la mtu. Alikaa chumbani akisoma kila Jumamosi jinsi watu wanavyobishana kama anastahili kuishi. Mimi nawapenda wahusika wenye wema na ubaya ndani yao, waandike hao hao, lakini jua mkono wa kulia unafanya nini na wa kushoto unafanya nini.

Kuhusu sheria yako ya katoni: avuke mto au asivuke, sawa, wapigie kura. Mtu aishi au asiishi, hilo halipigiwi kura, na ukimwambia msomaji hivyo kwa uso mkavu atakuelewa. Asiyeelewa akatoe nakala duka jingine. Jumamosi hii bandika mlangoni tangazo fupi kwamba hakuna sura, mtunzi anauguza. Usieleze zaidi. Fundi viatu akikuuliza, mwambie Shangazi amekataza. Sura ya kumi na tisa utaiandika siku dada yako atakapokuambia kama anataka kumwona tena Binti Moshi au hataki, na kama hataki, hadithi imeishia darajani na hakuna aliyekufa kwa kukosa kuisoma.

Nyumbani fanyeni hivi. Asibaki peke yake, mpangiane zamu. Mama yako nimeshaongea naye, alipiga yowe kama ulivyosema, kisha akaniuliza aanzie wapi, kwa hiyo mwache yowe lake, ni mama. Dawa zote za nyumbani, visu na vitu vyote vya hatari vifungiwe, na ufunguo akae nao mama yako. Baba mdogo aambiwe kwamba neno kudekezwa limekwisha kazi hapo nyumbani, akitaka kusaidia akae zamu ya asubuhi, na akae kimya. Saa ya mkononi mrudishie mwenyewe, umwambie utaendelea kuchelewa. Akizidiwa kabla ya siku ya kliniki niliyopanga na mama yako, msingoje, mpelekeni hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, hata kama ni kwa kukodi gari.

Na wewe mwingine unayesoma hapa ukiwa umekaliwa na kitu hichohicho, mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe leo, kwa maneno ya wazi, kisha mwende hospitali pamoja.

Mtunzi, kliniki ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Dada yako amesema atakwenda iwapo utamsindikiza wewe. Bosi wako ameshanipa ruhusa yako, tena bila kunung'unika. Mtangoja sana kwenye benchi, mchekeshe akitaka kuchekeshwa, asipotaka nyamaza. Daktari atamuuliza maswali na dada yako atachelewa kujibu, labda dakika nzima, na wewe utakuwa na majibu mazuri yamekujaa mdomoni. Yameze. Mwache ajibu mwenyewe, kwa maneno yake, hata yakiwa mawili. Wewe shika mkoba.