Zamu ya Baba Kisimani

Rapsu, Isiolo
Aprili

Kwa ndugu yangu Halake,

Assalaam aleikum. Natumaini u mzima huko Nairobi. Mama hajambo, watoto hawajambo, mbuzi wamebaki wachache ila wanatembea. Baba pia ni mzima, mwili tu.

Nimesikia redioni wakikuita mhandisi wa wanyonge. Sikufurahi. Mimi ndiye niliyesukuma ile toroli yako ya kwanza ya kubebea mitungi, akina mama wa mtaa wa Wabera wakakubariki, nami nikajiona dada wa mtu. Ungeishia hapo.

Mwaka jana ukaleta pampu yako ya jua kisimani kwetu. Ukasema kila familia itagonga kadi, na mashine itapanga nani anyweshe kwanza, bila upendeleo. Halake, kupanga zamu kumekuwa kazi ya baba kwa miaka thelathini. Yeye ndiye abba herega, msimamizi wa zamu za kisima, na wewe ulikula heshima hiyo tangu utotoni. Hukumuuliza. Ulimpa kadi tu, namba arobaini na moja.

Aliendelea kwenda kila asubuhi na fimbo yake. Watu walimsalimu, wakagonga kadi, wakampita. Mwezi uliopita jirani yetu Ekitela alifika na mbuzi wagonjwa, akaomba atangulie. Baba akamruhusu. Mashine ikakataa, na vijana wakamcheka baba mbele yangu. Siku hiyo nilikuchukia.

Kisha pampu ikafa. Ukapiga simu ukasema mlinzi, Lomuria, ndiye aliyeiharibu kwa kuwa si wa kwetu, ukamfukuza kazi bila hata kuja kuangalia.

Lomuria hakugusa kitu. Ni mimi niliyekata waya, kwa kisu cha jikoni, mchana kweupe, nikiwa nimefunga saumu. Umeme ukanichoma kiganja. Lomuria nimeshamwambia na nimemwomba msamaha. Kesho namwambia chifu. Wewe sikuombi chochote.

Sasa tunavuta maji kwa ndoo. Migongo inauma, sikatai. Baba anapanga zamu tena, na jana nilipopeleka mbuzi wetu aliangalia kitambaa nilichofungia kiganja. Halafu akasema, "Sadia, aliyeharibu maji ya watu hunywesha mwisho. Kaa pale."

Nilikaa mpaka magharibi.

Msalimie mkeo Deeqa. Njoo urudishe kazi ya Lomuria na utengeneze pampu yako. Ila ukifika, muulize baba zamu yako kwanza. Wewe uko nyuma yangu.

Dada yako,
Sadia Waqo