Uzi Uliomo Gotini

Jumatatu, 4 Machi
Goti limevimba kama boga. Daktari kalidunga sindano, kavuta maji, kaacha tone lidondoke. Likaanguka pu! Maji ya goti lenye afya, anasema, huvutika kama ute wa yai. Yangu yanadondoka kama ya bomba. Nikamwuliza: na cherehani? Akaniandikia vidonge. Cherehani yangu ni ya miguu. Bila goti nitabaki kukaa na kulalamika — na kazi hiyo jirani kashaichukua.

Jumanne, 5 Machi
Mjukuu wangu Miwani, aliyenifundisha herufi hizi uzeeni, anafanya kazi maabara. Kanieleza. Mwilini mna askari. Wangu wamepotoka, wanaona goti ni adui. Wanatema oksijeni kali, nayo inakatakata nyuzi ndefu zinazofanya maji yateleze. Hata gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, haliponi. Nikamwambia, basi hao ni marehemu babu yako mtupu: panya mmoja, shoka, vyungu vitatu vipande vipande. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Ila nyuzi kukatwa ovyo — hilo limeniuma. Miaka arobaini nina mkasi mkononi, sijakata bila kupima.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefunga madirisha yote. Goti nimelizungushia nailoni, tabaka tatu, nikakaza kwa futi ya kupimia. Oksijeni ipite wapi? Miwani kaingia, kaona, kakaa chini.
"Bibi, haitoki dirishani. Askari wanaitengeneza wenyewe, humo ndani."
Si angesema juzi! Nimetoka jasho kutwa bure. Kisha akafungua kopo la vifungo, akavikuta vidonge vya daktari. Vyote. Hakucheka tena. Nikasema kweli: askari wakilazwa na vidonge, mwizi halisi si ataingia?
"Hatuwalazi, Bibi. Tunawapunguzia mashoka. Ukipata homa tu, tunakwenda kwa daktari."
Nimemeza kimoja mbele yake. Kichungu kama ulimi wangu.

Ijumaa, 19 Aprili
Kliniki, kwenye benchi. Wiki sita sijaruka kidonge. Uvimbe umeshuka, au macho yangu yananibembeleza. Shule sikwenda, vipimo vya wateja naviweka kwa mafundo kwenye uzi. Wa goti nao ninao. Fundo moja, mwanzoni kabisa, la lile tone la pu. Nimemwambia daktari leo tone napima mimi, linavutika kiasi gani. Kasema haya, mama, fundi ni wewe. Miwani kanishika mkono, eti nisiogope. Anayeogopa ni yeye.
Muuguzi anaita. Uzi nimeuacha mrefu —