Foleni Hufunguka kwa Jeneza

Jumatatu, 5 Mei

Ugali, maharage, samaki wa migebuka wa kukaanga. Foleni ya malori imefika mbele ya kanisa, haijasogea tangu jana asubuhi. Kwangu hiyo ni neema. Dereva aliyekwama ni dereva mwenye njaa. Masufuria yamekauka kabla ya saa saba.

Mama kaniuliza tena kama barabara mpya imeisha. Anaiulizia kila siku, kama anaulizia mgonjwa. Inamaliziwa nyuma ya kilima. Ikikamilika, malori yatapita huko moja kwa moja hadi forodhani, na hii ya katikati ya mji ibaki ya waenda kwa miguu na magari madogo. Wanasema hata ukingo wa mto utasafishwa ili watu wafike majini. Mama anataka mto. Mimi nataka malori. Tunaishi nyumba moja.

Ijumaa, 9 Mei

Nimesaini barua ya mama lishe kuomba malori yasihamishwe. Jina langu ndilo la kwanza. Mama sijamwambia.

Mto uko ng'ambo ya barabara tu. Ukisimama kibarazani unauona kati ya tela na tela. Huko ndiko Mama alikotufulia nguo sote tulipokuwa wadogo, kwenye jiwe moja pana analoliita lake. Mwaka jana alijaribu kupita katikati ya malori mawili yaliyosimama. La nyuma likasogea. Yeye alinusurika, fimbo yake ikapondwa. Tangu hapo hajavuka. Bajaji ingezunguka mbali na kumshusha juu ya mteremko wa mawe, na magoti yake hayawezi mawe. Daktari kasema mwakani huenda asitembee kabisa. Naye anajua.

Kitu kimoja tu hufungua foleni hii: msiba. Jeneza likija, mtu katangulia na tawi bichi mkononi, madereva wanasogeza hata wawe wamechoka vipi, na wanavua kofia. Mama husema basi na yeye atavuka siku hiyo. Anatania. Utani huo siupendi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefanya ujinga. Niuandike ulivyo.

Niliazima mkokoteni. Nikamwambia Mama madereva wamekubali kutupisha. Nikamlaza, nikamfunika kanga mpaka kichwani, nikasema ni kwa ajili ya vumbi. Jirani yangu Mama Sikujua, tunayepika naye, akasukuma. Mimi nikavunja tawi la mparachichi, nikatangulia.

Hakuna aliyeuliza. Lori la mbele likasogea, la nyuma likarudi. Njia ikafunguka kweli. Dereva mmoja Mzambia, mteja wangu wa siku nyingi, akashuka, akavua kofia.

"Pole sana, bamayo," akaniambia. Kwao ni mama. Nikaitikia. Nimeitikia pole ya mtu aliye hai.

Tulipofika katikati Mama akaivuta kanga. Akaona tawi. Akaona kofia mikononi mwa watu.

"Nani kafa?"

Nikalishusha tawi. Akaelewa. Akajiinua akakaa wima kwenye mkokoteni na kuwasalimia madereva, mmoja mmoja, wa kushoto na wa kulia. Mmoja alirudi nyuma hadi akagonga tairi lake. Halafu Mama akaniambia kwa Kinyiha, taratibu, nimrudishe nyumbani. Mto nilikuwa nausikia. Nikamrudisha.

Jumapili, 18 Mei

Habari haina foleni. Mama mdogo na wenzake wameshuka kutoka Ihanda na unga, kuni na wimbo wa maombolezo. Mama kawafungulia mlango mwenyewe. Mama mdogo akakaa chini palepale mlangoni, wimbo ukamfia mdomoni. Baadaye wakacheka, wakala, wakaondoka. Unga wameuacha. Sijui aibu hii niiweke wapi.

Alhamisi, 22 Mei

Mama ananijibu marahaba, basi. Siku nzima marahaba moja. Barabarani madereva wanaocheka wananunua, waliokasirika wanapita. Mzambia wangu kapita.

Jioni Mama kasema jambo moja tu, bila kunitazama. Atavuka kwa miguu yake au asivuke.

Nilitaka kujitetea kwamba nilifanya kwa upendo. Si kweli yote. Nilitaka pia afike mtoni siku ile ili aache kuiulizia barabara mpya, nami nibaki na malori yangu bila dhambi. Hilo ndilo lililonichoma.

Jumanne, 3 Juni

Mkutano wa kata. Barua yetu ikasomwa, jina langu la kwanza. Nikasimama, nikaomba lifutwe. Nikasema nina mama anayeishi mita chache kutoka mtoni, na hajaugusa mwaka mzima. Nikakaa.

Wenzangu wamenitazama kama mtu aliyetia mchanga kwenye chungu cha wote. Wana haki. Mama Sikujua alihama benchi. Mimi mwenyewe sina mpango mwingine. Jiko hilo ndilo lililosomesha wanangu. Ninaogopa.

Jioni baridi kali. Mama alikuwa ameshasikia kwa watu, barua na kila kitu. Akasogeza kigoda chake, akanipa nafasi karibu na mkaa.

Jumatatu, 14 Julai

Malori yamehamia barabara mpya. Asubuhi nimeamka nikadhani nimekuwa kiziwi. Kuku wanatembea katikati ya lami. Nimepika kidogo na kikabaki. Waliokula ni bodaboda watatu, na mmoja ni mpwa wangu.

Mama hakuweza kutoka. Baridi imemvimbisha magoti. Barabara tupu, na yeye kitandani. Nimemkasirikia Mungu kidogo. Nitatubu nikitulia.

Ijumaa, 25 Julai

Magoti bado. Namkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Leo kafika mlangoni. Kaitazama barabara kama mtu anayepima kitambaa, karudi kulala.

Mama Sikujua alipita. Kahamishia jiko lake barabara mpya. Kasema kaniwekea nafasi kando yake, ila bado amenikasirikia, nisije nikadhani yameisha. Nimemwambia nitakwenda nikishamvusha Mama.

Jumamosi, 2 Agosti

Jua limetoka mapema. Mama kajifunga kitenge, kachukua fimbo mpya, kasema twende. Nikampa mkono. Akaukataa, halafu kwenye mtaro akaudai.

Katikati ya barabara alisimama kupumua. Bodaboda ikaja, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kijana akasema shikamoo bibi. Mama akaitikia marahaba, akaendelea kupumua. Kijana akasubiri na kofia yake kichwani. Mama akaitazama ile kofia muda mrefu, kisha akacheka peke yake hadi tukafika upande wa pili.

Mto si ule wa zamani. Chupa za plastiki, mafuta kidogo pembeni, nyasi zimekula njia. Ukingo bado hawajausafisha. Jiwe lipo. Nililisugua kwa mchanga, akakaa, akatumbukiza miguu. Akasema maji ni ya baridi na watu ni wachafu.

Halafu akafungua kifundo kiunoni akatoa kanga na kipande cha sabuni. Ni ile kanga niliyomfunika. Sikuwa nimeiona tangu siku ile, nilidhani kaichoma. Akaifua mwenyewe, polepole, pande zote mbili, akanipa nikamue. Tukaitandaza juani kwenye nyasi na kusubiri ikauke.