Tumemficha Mama Mkwe Kifo cha Mwanawe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka, maana mimi, mume wangu na mama mkwe tunashona nguo chumba kimoja na hakuna pa kujificha. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alifariki ghafla huko mbali alikokuwa akifanya kazi, na kwa kuwa mama ana presha mume wangu akasema tulifunike jambo hili kwanza, akamuaga kwamba anafuata vitambaa, kumbe anakwenda kuzika, akarudi mikono mitupu, nikamtetea kwamba bei zimepanda, na tangu hapo nikibanwa na kilio nakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikike, hadi suruali za watu zinatoka na mishono juu ya mishono. Mwanzo mama alikuwa akiuliza, "Kaka yenu hajapiga simu?" nasi tunasingizia mtandao. Sasa ameacha kuuliza. Juzi alitoa koti alilokuwa akimshonea shemeji, akalifumua mabega, akamwita mume wangu, "Njoo nikupime, mwanangu, litakufaa wewe." Nikatoka nje. Nahofia ameanza kusahau, maskini, na nikimwambia nitamuua. Nifanyeje?

Mkwe mwenye donge kooni

JIBU

Pole, mwanangu, pole sana kwa msiba. Lakini nanyi mmezidi! Fundi anaaga anafuata vitambaa, anarudi bila hata uzi, halafu mnatarajia mama, fundi mwenzake, asishtuke? Bei zikipanda mtu hununua kidogo, bibi wee.

Mama hajasahau kitu. Aliyesahau angeendelea kumshonea shemeji yako. Anajua, naye amejikaza ili asiwavunje nyinyi. Mmekaa chumba kimoja, kila mtu anameza kilio chake, na aliyefiwa na mtoto ndiye anayewabembeleza.

Kwa ajili ya presha, mumeo azungumze kwanza na daktari wa mama. Kisha fungeni mlango wa wateja, na mumeo aseme mwenyewe, bila kuzungukazunguka, kwamba kaka amefariki. Aeleze ilivyotokea na alipozikwa. Aombe msamaha kwa kumnyima mama mazishi ya mwanawe, maana hilo ni kosa, na mama akifoka, mwacheni afoke.

Akitulia, mumeo asimame apimwe lile koti. Nawe lia, mwanangu, cherehani ikiwa kimya.