Kwa Baba, Daktari wa Mtaa Mzima

Baba, leo umetimia mwaka tangu utuage mlangoni, kikombe cha chai mkononi, ukisema utarudi mapema. Tuliitikia kwa mazoea tu. Ilikuwa imepita miaka mingi hujawahi kurudi mapema.

Watu walikuita Daktari Pole, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lako la kwanza kwa kila aliyeketi mbele yako, awe na mafua au kansa. Ulitibu bibi, mama na mjukuu wa nyumba moja, ukajua nani anaogopa sindano na nani anakudanganya kuhusu chumvi. Hata nyumbani kazi haikukutoka. Fundi alipokuja kutazama jokofu, ulimuuliza, "Limeanza lini, na linazidiwa saa ngapi?" Akakujibu kwa heshima zote, "Daktari, mgonjwa ni wako, mimi ndiyo kwanza nafika." Tulicheka mpaka machozi.

Halafu madaktari wenzako pale kliniki wakaanza kuondoka, mmoja baada ya mwingine, na wagonjwa wao wote wakahamia kwenye benchi lako. Ikaja na kompyuta, kila neno la mgonjwa liandikwe humo. Ukawa unarudi, unazima gari hapo nje na kubaki ndani yake, sisi tukikuchungulia dirishani. Mama alipokugongea kioo ulimwambia, "Nakuja. Niache kwanza nikae mahali ambapo hakuna anayenieleza kinachomuuma." Ukiingia ndani hukuwa na la kusema. Ulitupenda, tulijua. Maneno ndiyo yaliyokwisha.

Siku moja mama mshonaji, mgonjwa wako wa zamani, alikuambia, "Daktari, leo hata usoni hukunitazama."

Ulitusimulia mezani, chakula kikapoa. "Amesema kweli," ulisema. "Nilikuwa nachapa. Sikumbuki hata kama nilimpa pole."

Wiki hiyo hiyo ukaacha kazi.

Ile ndiyo miezi yetu mizuri. Ulilala mpaka jua limepanda. Ulianza kuongea tena, ukamtania shangazi kuhusu wigi lake jipya, ukapaka rangi ukuta wa uani, vibaya kweli, na ukajisifu.

Kisha muuguzi mkuu akaja, akakaa sebuleni, akalia. Kliniki haikuwa na daktari hata mmoja. "Watu wanakuja, wanakaa, wanarudi na maumivu yao," alisema.

Alipoondoka, Mama alikusihi. "Baba watoto, usiende. Wewe mwenyewe hujapona."

"Sisemi napenda kwenda," ulimjibu. "Lakini nitakaaje hapa wakati najua wamekaa pale?"

Ukarudi, mpaka wapate mtu mwingine. Hawakumpata.

Siku ile, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, ulilaza kichwa mezani. Aliyefuata kwenye foleni alifungua mlango, akakuona, akaurudisha taratibu. Muuguzi ametuambia kwamba benchi zima lilikubaliana kwa kunong'ona: "Mwacheni apumzike kidogo, amechoka." Wakakaa kimya, watoto wakabembelezwa wasipige kelele. Hawakujua, Baba, kwamba ulikuwa umeshatutoka.

Mpaka leo hajapatikana daktari mwingine. Chumba chako pale kliniki kimefungwa. Wapo wanaokuja kugonga hapa nyumbani, hawana habari, na Mama huwapa maji ya kunywa kabla ya kuwaambia. Hana kingine cha kuwapa.

Kitinda mimba wako, uliyezoea kumwita daktari mdogo, ameacha masomo ya udaktari mwaka huu. Alikuja kutuambia, akitegemea tutamgombeza. Mama alimwambia tu, "Njoo ule."

Tunaokukumbuka ni mkeo, wanao watatu, dada yako, na muuguzi mkuu, ambaye siku hizi ni mtu wa nyumbani. Kila siku tutakayojaliwa kuamka, tutakukumbuka.