Ukuta wa Nyuma Bado Unatokwa na Jasho

Mpendwa Baba Kwamboka,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Tunaongea kwa simu, najua, lakini kwenye simu wewe unauliza "Mko salama?" nami nasema "Tuko salama," halafu mtandao unakatika na kila mtu anarudi kwa kazi yake. Barua hii niliianza tukipalilia mahindi, na sasa tumeshavuna. Kila nikikaa na kalamu nainuka tena kwenda kugusa ukuta. Hata sasa nimetoka kuugusa. Mvua ya mchana imeanza kupiga mabati, na ukuta wa nyuma, ule wa chumba cha mtoto, bado unatokwa na jasho. Naomba uisome yote kabla hujapiga simu.

Unakumbuka ile picha niliyokutumia Kwamboka alipofikisha miaka mitatu, dada za kanisa walipokuja kumwombea? Ukanijibu kwamba ukuta unang'aa kama wa hoteli. Picha ile ilikuwa uongo. Chini ya rangi ya krimu kulikuwa na ukungu mweusi, kuanzia sakafuni mpaka kwenye kiuno changu. Niliupaka rangi mwenyewe siku ya Ijumaa, haraka haraka, nikishindana na jua ili Sabato isinikute na brashi mkononi. Niliona aibu. Nyumba ya kwanza ya simiti katika boma lote, halafu wageni wakae humo wakinusa uvundo?

Na si kwamba sikujua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ile simu yako ya kwanza ya video kutoka Qatar, umevaa ovaroli nyeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, na maski yenye vichungi viwili vilivyovimba kama mashavu, Kwamboka alikimbia akajificha nyuma ya sketi yangu.

"Huyo ni baba yako," nikamwambia.

"Yaya!" akakataa kwa Kikisii. "Baba hana pua ya ng'ombe."

Ulicheka mpaka ukavua maski. Mimi nikakutania kwamba huko kuna watu wana pesa hadi wanaajiri mtu wa kufukuza ukungu nyumbani kwao. Ukaniambia, "Mama Kwamboka, ukungu haufukuzwi. Unanyimwa maji. Kabla sijashika brashi nauliza kwanza maji yanatoka wapi. Siku utakayosikia nimepaka rangi juu ya ukungu, ujue nimemwibia mwenye nyumba."

Basi mimi nilimwibia mtoto wako.

Wiki chache baada ya ile rangi alianza kukohoa. Asubuhi anaamka kifua kinapiga filimbi, anakaa kitandani mabega juu, anavuta hewa kama mtu anayepanda mlima. Kliniki nilienda mara mbili, nikarudi na dawa ya maji. Mara ya tatu nesi akaniuliza, "Mama, nyumba yenu ina unyevu?"

"Hapana. Ni nyumba ya simiti," nikajibu, tena kwa kiburi.

Akachukua shuka nililombebea mtoto, akalinusa, akanirudishia. "Hebu nusa wewe."

Nikanusa. Harufu ilikuwa ya gunia lililosahauliwa mvuani. Naye akasema, bila ukali wowote, "Dawa nitakupa. Lakini ukimrudisha hapo anapolala, utarudi hapa."

Sikumrudisha. Siku hiyo hiyo nilimpeleka kwa mama yangu, kule Sironga. Wiki ya pili alikuwa anakimbiza kuku uwanjani bila kukohoa hata mara moja, na hapo nikajua kwamba si kifua chake kibovu. Ni chumba chetu.

Wewe uliambiwa amekwenda kutembelea nyanya yake. Sasa ni mwezi wa tatu. Mama yako ameumia sana na sitakuficha. Alinisimamisha mbele ya majirani tukipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia, akauliza, "Mtoto wa boma hili analelewa Sironga kama mtu asiye na kwao?" Wengine wakaanza kusema nimeondoka polepole, nimetanguliza mtoto, nitafuata mimi. Sijaondoka. Niko hapa na gambuti na jembe. Lakini mtoto harudi katika chumba kile mpaka kikauke, na kwa hilo sitabembelezwa na yeyote, hata wewe.

Nilifanya ulivyosema. Nikauliza maji yanatoka wapi.

Nikakumbuka msingi. Tulikata mlima ili tupate mahali tambarare, ukuta wa nyuma ukakaribia udongo kama mtu aliyeegemea kitanda. Fundi alikuwa ameleta ile karatasi nyeusi ya lami, ya kutandaza juu ya msingi kabla ya matofali ya kwanza ili maji ya ardhini yasipande. Roli zima la karatasi hiyo lilikuwa chini ya kitanda cha mama yako. Kisha baba yako akafariki. Siku ya mazishi mvua ilinyesha kama imetumwa, akina mama wakabaki nje na masufuria ya waombolezaji yakijaa maji. Ni mimi niliyekimbia nikaleta lile roli. Tukalifungua lote, tukalifunga kwenye miti ya migomba, watu wakapikiwa wakala. Wewe ulinitazama kutoka kando ya jeneza ukatikisa kichwa kuniambia ndiyo. Nani angesema hapana? Wiki iliyofuata fundi akauliza karatasi iko wapi, ilikuwa imechanika vipande na kunuka moshi. Ukamwambia, "Endelea tu." Akaendelea.

Kwa hiyo ukuta wetu unakunywa maji kutoka chini tangu siku ulipojengwa. Sikulaumu, na mimi sijilaumu kwa hilo. Ile rangi ndiyo ninayojilaumia.

Niliita risaga. Hawa ni wale wale majirani tunaopalilia nao shamba la huyu leo na la yule kesho. Nilipowaambia waje nyuma ya nyumba, Mama Bosibori, yule jirani yetu wa kushoto asiyejua kunyamaza, alisimama na jembe begani akauliza, "Leo tunapalilia nyumba? Imeota magugu gani?"

"Ingia ndani uyaone," nikamwambia. Akaingia, akatoka ameshusha jembe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hata nyuma ya kabati yangu iko hivi. Nilidhani ni masizi." Ndiyo sababu barua hii, yale ya ukuta tu, nitawasomea wanarisaga kabla sijaituma, na usinikasirikie. Ukuta wetu hauko peke yake huku.

Tulichimba siku mbili. Tuliusukuma mlima nyuma hatua nzima kutoka ukutani, tukakata mtaro wenye mteremko mpaka kwenye migomba. Matofali yaliyokuwa yamefukiwa yalikuwa laini kama mandazi yaliyochovywa kwenye chai. Na tukagundua kwamba mfereji wa paa uliotoboka ulikuwa unamwaga maji yote pale pale, kwa miaka yote hiyo. Nimeuziba na kuugeuza uelekee kwenye tangi.

Ndani nilifanya kazi peke yangu. Nilifunga mlango kwa nailoni ili vumbi la ukungu lisitembee nyumba nzima. Nikavaa glavu, na leso mbili usoni kwa kuwa maski sina. Nikaulowesha ukuta kwa maji ya sabuni kabla ya kukwangua, kama ulivyosema, ukungu mkavu usije ukapeperuka. Plasta yote niliyoipaka rangi nikaing'oa mpaka kwenye tofali, nikaifunga kwenye magunia. Dari ya juu ya kitanda nikaishusha. Godoro nikalitoa.

Hapo ndipo mama yako alipokuja mbio. "Godoro zima unatupa? Halijatoboka hata!"

"Mama, limelowa ndani. Haliwezi kuoshwa ukungu ukaisha."

"Nyumba yangu ya udongo haijawahi kukohoa," akasema, na akakaa kwenye kigoda kunitazama kama polisi.

Na unajua, ni kweli. Nimeifikiria sana. Kwake moto unawaka kila siku, moshi unapita kwenye nyasi, ukuta wake wa udongo unapumua. Sisi tukajenga kwa simiti, tukaweka dari, tukafunga madirisha ya vioo, tukahamisha jiko nje ili kuta zisiwe nyeusi. Zikawa nyeusi hata hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima utulivu. Baada ya hayo yote nilibandika kile kipande cha nailoni ukutani, ule mtihani wako. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, yanatoka kwenye hewa ya chumba. Wiki za kwanza nyuma kulikuwa na matone mengi, kisha yakapungua, yakabaki shubiri moja tu kutoka sakafuni, pale ambapo karatasi nyeusi ingekuwa. Nikafurahi. Kisha siku moja nyuma ni kukavu, mbele kunatiririka. Kesho yake vivyo hivyo. Nikawa naingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Madirisha nafungua kila niwapo nyumbani. Silazi mahindi mabichi ndani. Nguo naanika nje. Hewa hiyo ya maji inatoka wapi?

Siku moja nikarudi mapema kutoka kuchuma chai, nikapanda kiti, nikatazama matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Yote yamezibwa, unyevu unaotoka ukutani hauna pa kutokea. Vitambaa vimesukumwa ndani kwa kijiti, kimoja kimoja, kwa uangalifu. Kimoja ni kipande cha shati lako la shule.

Nilikwenda kwa mama yako navyo mkononi. Nilikuwa na hasira, Baba Kwamboka, nakiri.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Naziba kila ukienda chai. Mtoto atarudi hapa siku moja, au sivyo? Nisimwachie baridi imngoje."

"Baridi siyo inayomuua. Ni unyevu."

"Usinifundishe baridi!" akasema. Akaweka chini kikombe. Kisha akanieleza habari ambayo sijawahi kuisikia kwako. Kwamba kabla yako kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, na alikufa kwa nimonia akiwa na umri wa Kwamboka. Kwamba mama mkwe wake alimwambia mbele ya watu, "Uliacha matundu wazi, upepo ukaingia." Na kwamba wewe ulipozaliwa aliziba kila tundu la nyumba, nawe ukaishi. "Nimeziba tangu hapo," akasema. "Na mtoto wangu yuko Qatar, mzima."

Nilikaa chini karibu naye. Nilivirudisha vile vitambaa mapajani mwake. Tukanywa chai.

Lakini leo matundu yamezibwa tena. Nimevitoa vitambaa nilipoanza ukurasa huu, na najua kesho nikienda chai atarudi na kijiti chake. Siwezi kupigana naye. Mimi ni mke wa mwanawe, na tena ni mimi niliyempeleka mjukuu Sironga. Nikimwambia, anasikia mtu anayemhukumu mara ya pili. Kwamboka aliniuliza kwenye simu jana, "Mama, nyumba imekauka?" Kana kwamba nyumba ni nguo kwenye kamba. Nikamwambia bado kidogo. Nimechoka kusema bado kidogo.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayohitaji, na nimepunguza mpaka yamebaki yale tu.

Maski mbili kama yako, za pua ya ng'ombe, pamoja na vichungi vya akiba. Moja yangu, moja ya Mama Bosibori, maana tunaanza nyuma ya kabati yake.

Kile kipimo kidogo cha unyevu cha kutundika ukutani, chenye namba. Nataka kuacha kubahatisha kwa viganja.

Maelezo ya namna ya kukata ukuta chini, kipande kwa kipande, na kuingiza karatasi nyeusi bila nyumba kukaa vibaya. Uchore kwa mkono wako, fundi wa kule Birongo anasema ataweza akiona mchoro. Karatasi yenyewe nitanunua huku, na safari hii nitaiweka chini ya kitanda changu mwenyewe.

Na sauti yako. Irekodi kwa Kikisii, unitumie, nitamwekea mama sikioni. Umsalimie kwanza, usiharakishe. Mwambie unajua habari za ndugu yako. Mwambie hakuwa na kosa, upepo haukumuua mtoto yule, na kwamba wewe unayefanya kazi hii kila siku ndiye unayesema hivyo. Kisha umwombe matundu yabaki wazi, ili mjukuu wake arudi nyumbani.

Hiyo sauti ndiyo uitume kwanza. Hayo mengine yanaweza kungoja.

Mama Kwamboka